Torati, yule aliyetupeleka shule kwa mkono

Kila Januari jumuiya yetu huanza mpango wa kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja, na kila Februari mpango huo hufia mahali pale pale, katikati ya kitabu cha Mambo ya Walawi. Kitabu cha Mwanzo tunakisoma kwa raha, kwa kuwa kimejaa habari za ndugu waliouzana na wake wenza waliooneana wivu. Kutoka kinatuvusha bahari. Kisha vinaanza vipimo vya mapazia ya hema, figo na mafuta ya sadaka, ukoma wa nguo na ukoma wa kuta za nyumba, na ghafla watu wote wamebanwa na kazi na hawana nafasi ya kuja Alhamisi jioni.

Mwaka huu kijana mmoja wa chuo alibaki baada ya sala ya kufunga, akanisaidia kupanga viti, kisha akasema: "Mzee, naomba niulize bila kukosa adabu. Kama Kristo ametuweka huru mbali na sheria, kurasa hizi tunazisoma za nini?" Nilimjibu kwa haraka kwamba torati ni kivuli cha mambo yajayo, naye akashukuru na kuaga kwa heshima, lakini niliona usoni pake kwamba nimempa jiwe badala ya mkate. Nimelibeba swali lake kwa wiki kadhaa. Haya ninayoandika ndiyo niliyopaswa kumwambia, japo yangetuchelewesha daladala.

Ningeanza na neno moja. Katika Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumekulia, Wagalatia 3:24 husomeka hivi: "Hivyo torati imekuwa kiongozi kutuleta kwa Kristo, ili tuhesabiwe haki kwa imani." Nimelisikia andiko hilo likihubiriwa mara nyingi, na karibu kila mara mhubiri hulichukua neno "kiongozi" kama tunavyolitumia sisi, yaani mkubwa anayetangulia mbele na wengine wakamfuata. Paulo hakuandika hivyo. Neno lake la Kiyunani ni paidagogos, na mtu huyo hakuwa mkubwa wa yeyote. Alikuwa mtumwa, mara nyingi mzee asiyefaa tena kazi za shamba, aliyekabidhiwa mtoto wa kiume wa bwana wake tangu mtoto huyo alipotoka mikononi mwa yaya hadi alipobalehe. Kazi yake ilikuwa kumshika mkono kumpeleka kwa mwalimu, kumbebea vifaa vyake, kukaa akimsubiri, kumrudisha nyumbani, kumkanya asile kwa pupa wala asiongee na watu wasiofaa njiani, na kumchapa ilipobidi. Wachoraji wa vyombo vya udongo wa Kiyunani walimchora akiwa na fimbo mkononi. Kufundisha haikuwa kazi yake. Mwalimu alikuwa mtu mwingine, na yeye alimfikisha mtoto mlangoni tu.

Katika mazungumzo ya mwanafalsafa Plato yanayoitwa Lysis kuna picha yake ninayoipenda mno. Sokrates anamuuliza kijana Lysis, mtoto wa watu wakubwa mjini Athens, kama wazazi wake wanamwachia ajitawale mwenyewe. Kijana anajibu kwamba hata kidogo, anatawaliwa na mtu anayempeleka shule, na mtu huyo ni mtumwa wao. Sokrates anashangaa, au anajifanya kushangaa, kwamba mtu huru anatawaliwa na mtumwa. Na mwishoni kabisa, mazungumzo yakiwa yamekolea, watumwa hao wanatokea wakiwa wameshalewa kidogo kwa ajili ya sikukuu, wanawaita vijana warudi nyumbani kwa sababu jua limekuchwa, na wanaita kwa Kiyunani chenye lafudhi ya kigeni. Wenye mazungumzo wanajaribu kuwafukuza, nao hawafukuziki, wanaendelea kuita tu. Kikao kinavunjika.

Anayekaa mjini kwetu humwona mtu huyu kila asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu, nikiwa nasubiri usafiri, humwona dada wa kazi akiwa amesimama kando ya barabara, begi dogo lenye picha za katuni likining'inia begani pake, mkono wake umeshika mkono wa mtoto anayevutavuta aende kuchezea maji ya mtaro. Dada haachii, na mtoto anaweza kumlilia, kumtukana, hata kumpiga teke, na bado mkono haulegei mpaka gari la shule lifike. Mtoto huyo ndiye atakayerithi nyumba, na dada hana hata chumba chake mwenyewe ndani ya nyumba hiyo. Lakini kwa sasa mrithi yumo mkononi mwa mtumishi, na ni vema awe humo, kwa sababu magari hayajui nani ni mrithi. Paulo anaendelea na picha hiyo hiyo mwanzoni mwa sura ya 4, anaposema kwamba mrithi, awapo mtoto, hana tofauti na mtumwa, bali yu chini ya mawakili na walinzi hata wakati uliokwisha kuamriwa na baba.

Tukisoma hivyo, ukali wa Paulo kwa Wagalatia unaeleweka. Watu waliofika Galatia baada yake waliwaambia Wakristo wasio Wayahudi kwamba imani yao haijakamilika mpaka watahiriwe na kuichukua nira ya Musa. Paulo hasemi kwamba torati ni mbaya. Anasema ni ya baadaye na ni ya muda. Ahadi kwa Ibrahimu ilitangulia, na torati iliyotokea miaka mia nne na thelathini baadaye haiwezi kuitangua. Iliingizwa kwa sababu ya makosa, hata aje yule mzao. Mtu mzima aliyekwisha kumaliza masomo akimtafuta yule dada wa zamani ili amshike tena mkono kuvuka barabara, tatizo haliko kwa dada.

Watafsiri wetu, naongeza kwa pembeni, walipata taabu ya kweli na neno hili, kwa maana katika 1 Wakorintho 4:15 neno hilo hilo wamelitafsiri "waalimu", pale Paulo anapowaambia Wakorintho kwamba hata wakiwa na waalimu kumi elfu katika Kristo, hawana baba wengi. Ukiweka "waalimu" na "kiongozi" mezani pamoja, hakuna atakayejua kwamba ni mzee yule yule mwenye fimbo. Tafsiri za karibuni zinazosema "mlezi" zimekaribia zaidi.

Hata hivyo, mfano huu peke yake haumtoshi yule kijana, kwa sababu unaweza kumpeleka kwenye kosa la upande wa pili, la kudhani kwamba torati ilikuwa ngazi ambayo Waisraeli walipewa wapande kwa jasho lao hadi kwa Mungu, nao wakashindwa, ndipo Mungu akabadili mpango. Nilifundishwa karibu hivyo hivyo nilipokuwa mtoto, na nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba kitabu cha Kutoka chenyewe kinakataa, kwa mpangilio wake tu. Pasaka imo katika sura ya 12, bahari katika sura ya 14, na Sinai inafikiwa katika sura ya 19, mwezi wa tatu baada ya kutoka Misri. Amri zinakuja katika sura ya 20, na kabla ya amri yoyote kuna sentensi hii: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Watu hawa hawakuambiwa washike amri ndipo watolewe utumwani. Walikwisha kutolewa, unga wao ungali haujachachuka, wakiwa hawajashika hata amri moja, na wengi wao walikuwa wamekwisha kunung'unika. Neema ilitangulia. Torati ilikuja kuwaambia watu waliokombolewa namna ya kuishi bila kumgeuka jirani na kuwa Farao wake.

Hapa lugha yetu nayo inatuchezea. Tukisema "sheria" tunawaza polisi, faini na mahakama ya mwanzo. Neno la Kiebrania, torah, ambalo limetufikia kwa kupitia Kiarabu likawa "torati", linatokana na kitenzi chenye maana ya kuelekeza na kufundisha, na humo ndani zimo hadithi, nyimbo na nasaba pamoja na amri. Wayahudi wana mapokeo ya kale, yaliyohifadhiwa katika Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, kwa jina la Rabi Simlai, kwamba amri zake ni 613, za kutenda 248 na za kukataza 365. Mwandishi wa Zaburi 119, zaburi ndefu kuliko zote, yenye mistari 176, hazungumzi juu yake kama mtu anayezungumzia faini. Anazungumza kama mtu anayemsifia mchumba.

Kanisa lilijaribiwa mapema sana kuitupa. Marcion, mwenye meli kutoka Sinope katika pwani ya Bahari Nyeusi, alifundisha Roma kwamba Mungu wa Musa na Baba wa Yesu ni miungu wawili tofauti, akaikataa Biblia yote ya Kiebrania, akabakiza Injili moja, ya Luka, baada ya kuikatakata, pamoja na barua kumi za Paulo. Kanisa la Roma lilimtenga mwaka 144. Nadhani Wakristo wengi wa leo ni wafuasi wake bila kujua. Hawatamki kwamba kuna miungu wawili, lakini Agano la Kale kwao ni Zaburi ya 23, hadithi ya Daudi na Goliathi, na Malaki 3:10, ule mstari wa zaka.

Jaribu la upande mwingine lilikuwa kuibeba yote. Karibu na mwaka 49 mitume na wazee walikutana Yerusalemu juu ya jambo hilo, kama tunavyosoma katika Matendo 15, wakaamua kwamba watu wa mataifa wasitwikwe nira ambayo, kwa maneno ya Petro, baba zao wala wao wenyewe hawakuweza kuichukua. Waliombwa mambo manne tu: kujiepusha na vitu vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, na damu, na nyama zilizosongolewa, na uasherati. Hilo la damu si jambo la makumbusho kwetu. Katika Kilimanjaro, mahali ambapo mbuzi akichinjwa hutengenezwa kisusio kwa damu yake, nimekaa na wazee wa kanisa wawili wakiwa na bakuli moja mbele yao, mmoja akinywa kwa amani kwa sababu Bwana alivitakasa vyakula vyote katika Marko 7, na mwingine akikataa kwa amani kwa sababu ya barua ya Yerusalemu. Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia, ambalo ni la kale kuliko makanisa mengi ya Ulaya, lilichukua njia ya tatu: linatahiri watoto wake wa kiume, linajiepusha na nguruwe, na linaiheshimu Jumamosi pamoja na Jumapili, jambo lililothibitishwa na mtaguso wa Debre Mitmaq mwaka 1450 chini ya mfalme Zara Yaqob. Hakuna anayeweza kusema kwa haki kwamba Waethiopia hawamjui Kristo. Wala ndugu zetu Wasabato hawastahili dhihaka wanazopewa kwenye daladala, kwa sababu swali wanalouliza, kwamba ni kwa mamlaka gani mtu ameshika amri tisa na kuiacha ya nne, ni swali halali.

Jibu ambalo wengi tumelipokea ni lile la kuigawa torati mara tatu: za maadili, ambazo zinadumu, za ibada, ambazo zimetimizwa katika Kristo, na za uamuzi wa kiraia, ambazo zilikuwa za taifa la Israeli. Mwanateolojia Thomas Aquinas aliuweka mgawanyo huo vizuri katika karne ya 13, na Ungamo la Westminster la karne ya 17 likaupa nguvu kwa Waprotestanti wengi. Nautumia ninapofundisha watoto wa kipaimara, kwa kuwa unasaidia kushika picha, lakini sijawahi kuona kwamba torati yenyewe inaujua. Fungua Walawi 19. Mstari wa 18 unasema umpende jirani yako kama nafsi yako, amri ambayo Yesu aliiweka ya pili kwa ukuu. Mstari wa 19, bila hata kuvuta pumzi, unakataza kupanda mbegu za namna mbili katika shamba moja na kuvaa nguo iliyochanganywa nyuzi za namna mbili. Anayesema kwamba mstari mmoja ni wa maadili na unaofuata ni wa ibada ameingia na wembe wake mwenyewe. Na kwa hesabu hiyo, mkulima wetu anayechanganya mahindi na maharage katika shamba moja angekuwa mkosaji kila msimu.

Luther, ambaye mapokeo yangu ya kanisa yanamfuata, alikuwa na ujasiri zaidi. Katika mahubiri yake ya mwaka 1525 juu ya namna Wakristo wanavyopaswa kumchukua Musa, alisema kwamba sheria ya Musa ni kitabu cha sheria cha Wayahudi, kama Wasaksoni walivyokuwa na chao kilichoitwa Sachsenspiegel, na kwamba amri za Musa zinamfunga mtu wa mataifa pale tu zinapokubaliana na ile iliyoandikwa moyoni kwa maumbile. Lakini mtu huyo huyo, miaka minne baadaye, alipoandika Katekisimu Ndogo kwa ajili ya watu wa nyumbani na wachungaji wasiojua kitu, alizitanguliza Amri Kumi kabla ya Imani na kabla ya Baba Yetu. Nilizikariri nikiwa darasa la kipaimara, na hadi leo swali "Maana yake ni nini?" linanijia kwa sauti ya mwinjilisti wetu aliyekuwa akipiga meza kwa chaki. Kwa Luther, amri zinatangulia kwa sababu mgonjwa hamtafuti daktari kabla hajajua kwamba anaumwa. Paulo alisema vivyo katika Warumi 7: asingejua kutamani ni nini kama torati isingemwambia, Usitamani. Na Augustino, Mwafrika wa Thagaste, aliufunga mduara wote kwa sentensi aliyoandika mwaka 412: torati ilitolewa ili neema itafutwe, na neema ilitolewa ili torati itimizwe.

Nusu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo tunayoisahau. Yesu alisema, "Msidhani ya kuwa nalikuja kuitangua torati au manabii, la, sikuja kutangua, bali kutimiliza." Paulo naye anaposema katika Warumi 10:4 kwamba Kristo ni mwisho wa sheria, neno telos analolitumia lina maana ya mwisho kama vile Ubungo ulivyokuwa mwisho wa safari kwa aliyetoka mkoani: safari imekoma kwa sababu imefika. Dhabihu zilikoma hivyo. Waraka kwa Waebrania unaichukua siku ya upatanisho ya Walawi 16, yenye mbuzi wawili na kuhani mmoja anayeingia mara moja kwa mwaka nyuma ya pazia, na kusema kwamba hicho kilikuwa kivuli na mwili wenyewe umekuja. Hekalu lilipoteketezwa na majeshi ya Tito mwaka 70, Wakristo hawakuwa tena na dhabihu ya kuililia. Hapo sina la kuongeza, na yule kijana hapo hakuwa na shida.

Shida yake ilikuwa kwenye kuchaguachagua, na namna tunavyofanya hivyo inatia aibu. Nilihudhuria ibada moja, si kwetu, ambapo mhubiri alitumia dakika 20 kueleza kwamba Wakristo hawako chini ya torati, kisha akatumia dakika 40 kueleza kwamba asiyetoa zaka anamwibia Mungu. Malaki ilisomwa. Kumbukumbu la Torati 14 haikusomwa, na haisomwi karibu popote. Humo imeandikwa kwamba mwenye shamba atoe fungu la kumi la nafaka, divai na mafuta, alipeleke mahali Bwana atakapochagua, na huko ale yeye mwenyewe pamoja na nyumba yake na kufurahi. Na ikiwa njia ni ndefu, auze, afunge fedha mkononi, na akifika anunue chochote roho yake inachotaka, ng'ombe au kondoo au divai au kileo, ale mbele za Bwana, wala asimwache Mlawi. Kila mwaka wa tatu fungu hilo libaki malangoni kwake, na Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Mtu akitaka kunifunga kwa torati ya zaka, nitakubali kwa moyo mkunjufu, mradi tuanze na hiyo karamu.

Kwa hiyo ningemwambia kijana kwamba torati haitushiki mkono tena, lakini inatuonyesha bado tabia ya Yule aliyeitoa na aina ya jirani anayemtaka. Mara nyingine inafanya hivyo kwa kupunguza madhara tu. Yesu mwenyewe alisema juu ya talaka kwamba Musa aliiruhusu kwa sababu ya ugumu wa mioyo, na nadhani sheria za watumwa za Kutoka 21 zinapaswa kusomwa hivyo pia. Lakini angalia inakoelekea. Sheria za Hammurabi, zilizochongwa Babeli katika karne ya 18 kabla ya Kristo juu ya jiwe ambalo leo liko Paris, zinaagiza kuuawa kwa mtu anayemficha nyumbani kwake mtumwa aliyetoroka. Kumbukumbu la Torati 23 inaagiza kinyume chake: mtumwa aliyekukimbilia usimrudishe kwa bwana wake, akae nawe mahali apendapo. Aliyeandika hivyo alikumbuka Misri.

Alhamisi iliyofuata sikuanza na Walawi. Nilianza na rehani. Katika Kutoka 22, mtu akichukua vazi la jirani yake kuwa rehani ya mkopo, analazimika kumrudishia kabla jua halijachwa, kwa kuwa hilo ndilo blanketi lake, na asipokuwa nalo hana cha kujifunika. Kumbukumbu la Torati 24 inakataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, kwa kuwa ni kuchukua uhai wa mtu, na inamkataza mwenye kudai kuingia nyumbani mwa mdaiwa. Asimame nje, mdaiwa amletee mwenyewe. Niliwaeleza pia juu ya kigae kilichopatikana mwaka 1960 katika magofu ya ngome ndogo ya pwani ya Israeli karibu na Yavne-Yam, kimeandikwa kwa wino, kwa Kiebrania, mwishoni mwa karne ya saba kabla ya Kristo. Mvunaji mmoja anamlalamikia mkuu wa mahali pale. Anasema alivuna, akapima, akaweka ghalani, na baada ya hayo Hoshayahu mwana wa Shobai akaja akamnyang'anya vazi lake. Anasema ndugu zake waliovuna pamoja naye katika joto la jua watamshuhudia. Anaomba vazi lake. Hamtaji Musa popote, ila analia kilio kile kile ambacho Kutoka 22 inasema Mungu atakisikia, na ambacho Amosi aliwatupia usoni watu waliojilaza kando ya madhabahu juu ya nguo za rehani.

Nilipomaliza kulikuwa kimya kirefu kuliko nilichokizoea. Kisha mama mmoja, fundi cherehani, ambaye hajawahi kusema lolote katika jumuiya zaidi ya kuitikia sala, akasema kwamba walikuja saa mbili asubuhi. Alikuwa amechukua mkopo ule tunaouita kausha damu ili kulipa ada, akachelewa marejesho ya wiki mbili, na watu wanne wakaingia ndani bila kubisha hodi, wakabeba godoro, jiko la gesi, na cherehani yenyewe, ambayo ilikuwa na gauni la mteja bado limebanwa chini ya sindano. Watoto walikuwa wanakunywa chai.

Yule kijana wa chuo akafungua Biblia yake akatafuta ule mstari wa jiwe la kusagia, akausoma kwa sauti mara mbili. Mara ya pili aliweka "cherehani" mahali pa "jiwe". Hakuna aliyemsahihisha. Mweka hazina wa jumuiya akauliza deni limebaki kiasi gani, mama akataja, na watu wakaanza kufungua mikoba.

Wiki ijayo tunarudi Walawi, sura ya 19, mstari wa 9, juu ya masazo ya mavuno.